Pesa ya nani hii? Noti za China za miaka ya vita

Noti ya yuan 10 ya Benki ya China yenye tarehe ya 1940 ndiyo mlango wanaoingilia wengi. Zipo tele, bei yake unalipa bila kuomba ruhusa nyumbani, na inapendeza macho: nyekundu, wino umeinuka kiasi kwamba ukipitisha kidole unausikia, na uso wa Sun Yat-sen, mwasisi wa jamhuri aliyefariki 1925, umechorwa kwa mistari myembamba mno. Nyuma kuna Hekalu la Mbinguni la Beijing. Pembezoni kabisa kuna herufi ndogo ambazo bila kioo cha kukuzia utazikosa: American Bank Note Company.

Hebu ziweke habari hizo pamoja. Mwaka 1940 Beijing ilikuwa mikononi mwa Wajapani kwa mwaka wa tatu. Serikali iliyoitoa noti hii ilikuwa imekimbilia Chongqing, bara ya mbali, nyuma ya milima. Karatasi imechapwa na kampuni ya New York. Na huko Beijing kwenyewe, mtu aliyekutwa na pesa ya serikali hiyo alikuwa na ya kujieleza, kwa sababu Wajapani walikuwa wameipiga marufuku kaskazini tangu 1939. Noti ina picha ya mji ambao haiwezi kutumika ndani yake.

Mimi ni mtu wa mizigo. Naenda Guangzhou kufuata bidhaa za duka, na kila anayeifanya kazi hii anajua zile siku za kungoja kontena lijae, huna la kufanya ila kuzurura. Wengine wanalala, wengine wanapiga soga kwenye migahawa ya Xiaobei. Mimi naenda kwenye soko la vitu vya kale, nachutama mbele ya wazee waliotandaza vitambaa chini, napekua bahasha. Kaka yangu, ninayeendesha naye duka Kariakoo, akiniona nazipanga huuliza swali lile lile: “Sasa hiyo inanunua nini?”

Hainunui kitu, kaka. Na hata wakati wake, kuna mahali ilinunua na kuna mahali ilikuletea matatizo, ikitegemea umesimama upande gani wa mto. Hicho ndicho ninachokusanya. Wenzangu wengine wanafuata uzuri, wengine wanafuata namba adimu za mfululizo. Mimi kila noti naiuliza jambo moja tu: nani alikuwa na nguvu ya kumfanya mtu aipokee?

Ili swali hilo lieleweke, turudi nyuma kidogo. China ilikuwa nchi ya fedha halisi, yaani madini ya fedha. Mwaka 1934 Marekani ilipitisha sheria ya kununua fedha kwa wingi ili kuwafurahisha wenye migodi wake, bei ikapanda duniani, na fedha ya China ikaanza kutoroka kupitia Shanghai na kwa magendo. Mikopo ikakauka, viwanda vikafunga. Novemba 1935 serikali, wakati huo ikiwa bado Nanjing, ikaamua: fedha yote ni mali ya taifa, na kuanzia sasa pesa halali ni noti za Benki Kuu, Benki ya China na Benki ya Mawasiliano. Benki ya Wakulima iliongezwa muda mfupi baadaye. Noti hizo ziliitwa fabi, pesa ya kisheria. Zilifanya kazi vizuri, watu walizizoea upesi kuliko ilivyotarajiwa. Kisha Julai 1937 vita vikaanza.

Jeshi la Japani lilipoteka miji halikuteka majengo tu, lilihitaji pesa ya kuendeshea shughuli kila lilipofika. Manchuria walikuwa na benki yao tangu 1932. Upande wa Mongolia ya Ndani wakaanzisha nyingine, na noti zake zina kondoo na ngamia, ni miongoni mwa noti ninazozipenda zaidi kwa sura. Machi 1938 wakafungua Beijing benki waliyoiita Benki ya Akiba ya Shirikisho, na Januari 1941 serikali ya kibaraka ya Wang Jingwei ikafungua ya kwake Nanjing, Benki Kuu ya Akiba, chini ya Zhou Fohai. Juu ya hayo wanajeshi walibeba noti zao wenyewe za kijeshi, zisizo na benki wala dhamana nyuma yake. Na vijijini, kule ambako Wajapani walishika reli na barabara tu, wakomunisti walichapa za kwao: Benki ya Beihai huko Shandong, Benki ya Jin-Cha-Ji kwenye milima ya Hebei na Shanxi, na nyinginezo. Serikali za majimbo nazo hazikuacha kuchapa.

Kwa hiyo mfikirie mkulima wa Shandong mwaka 1942 anayepeleka karanga mnadani. Kijijini kwake pesa ni ya Beihai. Akishuka kwenye reli, pesa ni ya benki ya Beijing ya Wajapani. Na ndani ya mto wa kulalia bado ana fabi alizozificha tangu zamani, akiamini kwamba serikali ile itarudi. Kila moja kati ya hizo ingeweza kumponza mahali fulani. Wajapani waliwaadhibu wenye fabi, na wapiganaji wa msituni waliwaadhibu wenye pesa ya vibaraka. Mwaka 1943 wakomunisti wa Shandong nao waliipiga marufuku fabi kwenye maeneo yao, ingawa kwa jina walikuwa upande mmoja na Chongqing.

Uamuzi huo wa 1943 unastahili tusimame nao kidogo, maana nyuma yake alikuwapo mchumi anayeitwa Xue Muqiao. Benki ya Beihai haikuwa na dhahabu wala fedha. Xue akasema dhamana ya noti itakuwa mali: nafaka, pamba, chumvi, mafuta ya karanga. Bei zikipanda, ghala la serikali linauza na kuvuta noti ndani, zikishuka, linanunua. Mtu wa kijijini hakuhitaji kuelewa nadharia. Aliona tu kwamba karatasi hii, iliyochapwa vibaya kwenye karatasi duni inayochanika, inapata chumvi kesho kama ilivyopata leo. Ninayo moja ya yuan 5. Rangi zimepishana na mistari yake, namba zimekaa upande, na nyuzinyuzi za karatasi unaziona kwa macho. Ukiilaza kando ya ile nyekundu ya New York utaona haya kwa niaba yake. Lakini ile ya New York ndiyo iliyooza thamani.

Wakubwa nao walipigania karatasi hizi kwa bunduki. Juni 1939 jeshi la Japani lilizingira eneo la Waingereza mjini Tianjin. Watu wengi wanakumbuka kisa cha Wachina wanne walioshukiwa mauaji, ambao Waingereza walikataa kuwatoa. Kinachosahaulika ni kwamba madai mengine mawili yalihusu pesa: Wajapani walitaka madini ya fedha ya serikali ya China yaliyokuwa yamehifadhiwa ndani ya eneo hilo, na walitaka fabi isitumike tena humo. Na Shanghai, mwanzoni mwa 1941, benki ya Wang Jingwei ilipofunguliwa, wafanyakazi wa benki wa pande zote mbili waligeuka shabaha. Majasusi wa Chongqing waliwashambulia watu wa benki mpya. Polisi wa siri wa Wang, wenye makao yao namba 76 barabara ya Jessfield, wakajibu kwa kuvamia bweni la wafanyakazi wa benki usiku na kuwapiga risasi. Hao walikuwa makarani, watu wa kuhesabu na kuandika. Nikishika noti ya Benki Kuu ya Akiba nawawaza wao kabla ya Zhou Fohai.

Sasa kwa anayeanza, hapa pana mtego. Noti za Wang Jingwei zina uso wa nani? Sun Yat-sen. Yule yule. Wang alikuwa mfuasi wake wa zamani na alidai kwamba yeye ndiye mrithi wa kweli, kwa hiyo pande mbili zilizokuwa zikiuana ziliweka picha ya mtu mmoja kwenye pesa. Muuzaji asiye mwaminifu anaweza kukupa moja kwa bei ya nyingine. Kinachotofautisha ni jina la benki lililo juu: Benki Kuu ya Chongqing ina herufi nne za Kichina, Benki Kuu ya Akiba ya Nanjing ina sita. Huhitaji kujua Kichina, jua kuhesabu. Mstari unasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, jambo ambalo halimsumbui aliyepita madrasa. Tarehe nayo ni rahisi: mwaka ulioandikwa ni wa jamhuri, ongeza 1911. Mwaka wa 29 ni 1940.

Ila tarehe zenyewe usiziamini sana. Chukua zile noti ndefu za kusimama, zinazoitwa noti za dhahabu za forodha. Zimeandikwa mwaka wa 19, yaani 1930. Zilitengenezwa kwa ajili ya kulipia ushuru wa forodha. Halafu Aprili 1942 serikali ya Chongqing, ikiwa imebanwa, ikazimwaga sokoni kama pesa ya kawaida kwa kiwango cha fabi 20 kwa moja. Ilikuwa ni njia ya kutoa noti kubwa bila kuandika tarakimu kubwa juu yake: karatasi imeandikwa 10, kumbe ni 200. Tarehe ikabaki 1930, na nyuma yake jengo la forodha la Shanghai, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Wajapani. Mtu akiziuza kama “noti za kabla ya vita”, mpishe.

Karatasi hizi zilifikaje Chongqing? Swali hilo lilinichukua muda kulipa uzito. Serikali ilitegemea wachapaji wa Marekani na Uingereza, kampuni kama Thomas De La Rue na Waterlow za London, na viwanda vya Shanghai na Hong Kong. Shanghai ikaenda, Hong Kong ikaanguka siku ya Krismasi 1941, na masika ya 1942 Wajapani wakafika Lashio na kuikata barabara ya Burma. Ikabaki njia moja: ndege kutoka Assam, India, kuvuka milima ya Himalaya hadi Kunming. Marubani waliiita nundu. Mamia ya ndege ziliangukia huko. Ndani ya ndege hizo, pamoja na mafuta ya petroli na risasi, mlikuwa na makasha ya noti. Nafasi ambayo ingebeba dawa au vipuri ilibeba karatasi za kulipia mishahara ya wanajeshi, karatasi ambazo zingepungua thamani kabla makasha hayajafunguliwa. Ndiyo sababu tarakimu ziliendelea kukua, kwani kilo moja ya noti za 100 na kilo moja ya noti za 10 zilimeza petroli ile ile.

Kiasi cha fabi kilichokuwa mikononi mwa watu Juni 1937 kilikuwa kama yuan bilioni 1.4. Agosti 1945 kilikuwa zaidi ya bilioni 550. Wachina wana masimulizi yao ya yuan 100: mwaka 1937 zilinunua ng'ombe wawili, 1941 nguruwe, 1943 kuku. Kila anayesimulia hubadilisha mnyama mmoja au mwaka mmoja, lakini hesabu inaelekea kule kule. Serikali yenyewe iliacha kuamini pesa yake: kuanzia 1941 ilikusanya kodi ya ardhi kwa nafaka, na watumishi wake wakagawiwa mchele. Walioumia zaidi ni wenye mshahara usiobadilika. Kunming kulikuwa na chuo kikuu kilichounganisha vyuo vikuu vitatu vilivyokimbia kutoka Beijing na Tianjin. Mshairi Wen Yiduo, profesa wa heshima zake, akawa anachonga mihuri ya watu kwa malipo ili watoto wale. Mtaani hapo hapo, marubani wa Kimarekani walipata fabi kwa viwango vya ulanguzi vilivyokuwa mara kadhaa ya kile cha serikali, kilichoganda kwenye 20 kwa dola hadi mwisho wa vita.

Marubani hao wametuachia kitu kinachotafutwa sana mnadani. Walikuwa na desturi ya kusainiana kwenye noti, kisha kuunganisha noti ya kila nchi waliyotua kwa utepe wa gundi, mpaka ikawa mkanda mrefu wa kukunja mfukoni. Wao waliuita short snorter; aliyeshindwa kuutoa alipodaiwa kinywajini aliwanunulia wenzake. Kwenye mikanda ya waliovuka nundu utakuta rupia ya India, kisha yuan ya China, imejaa majina kwa kalamu ya wino. Mnunuzi wa kawaida wa noti angesema imeharibiwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo noti yenye ushahidi kamili.

Tuje kwenye mambo ya kufurahisha, maana vita navyo vina utani wake. Wakusanyaji wanasimulia kwamba wachoraji wa Kichina waliolazimishwa kuchonga mabamba ya noti za vibaraka waliwatukana mabwana zao humo humo. Kwenye noti ya yuan 1 ya 1938 ya benki ya Beijing yupo Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, amekunja mikono kifuani, na ukikaza macho vidole vyake vimekaa mkao wa aibu ambao siwezi kuuelezea kwenye blogu inayosomwa na shangazi zangu. Kwenye baadhi ya noti za Nanjing, mapambo ya pembezoni yana viumbe vinavyofanana na kobe, na kobe kwa Mchina ni tusi zito la mtu aliyeibiwa mke. Nyingine ina herufi C, G, W, R na S zilizotawanywa ndani ya nakshi, na watu wanazisoma kama kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya “Serikali Kuu itarudi karibuni”. Inasemekana mchoraji mmoja aliuawa kwa ajili hiyo. Herufi nimeziona kwa macho yangu kwa kioo, zipo. Kuhusu mchoraji na hatima yake, hayo ni masimulizi, na mnadani masimulizi hupandisha bei, kwa hiyo nayapokea kwa mkono mmoja.

Kinachonishangaza zaidi hakijafichwa hata kidogo. Benki hiyo hiyo ya Beijing iliweka kwenye yuan 5 picha ya Yue Fei. Huyo ni jemadari wa enzi ya Song anayejulikana na kila mtoto wa Kichina kwa kupigana na wavamizi kutoka kaskazini, mfano wa uzalendo hadi leo. Wajapani waliruhusu uso wake uwe kwenye pesa yao. Nani alipendekeza, na nani aliyeidhinisha bila kuelewa? Au walielewa, wakaona ni njia ya kuwafanya watu waikubali? Nimeitazama noti ile mara nyingi nikijaribu kuchagua jibu.

Japani ilijaribu pia kuiua fabi kwa kuighushi. Maabara ya jeshi ya Noborito, karibu na Tokyo, ilikuwa na kitengo kizima cha noti bandia, na walipoiteka Hong Kong walipata vifaa vya kiwanda kilichokuwa kikichapa noti halisi. Leo sehemu ya maabara ile ni jumba la makumbusho ndani ya Chuo Kikuu cha Meiji. Kazi yao ilikuwa nzuri, noti zao ziliingia sokoni na kununua mali. Lakini shabaha ya kuangusha uchumi wa Chongqing hawakuifikia, kwa sababu moja ya kuchekesha na kusikitisha: Chongqing ilichapa nyingi kuliko mghushi yeyote angeweza.

Hii inanileta kwenye ugomvi wangu na soko. Soko linalipa zaidi kwa noti safi, isiyo na mkunjo, iliyofungwa kwenye plastiki ngumu ya kampuni ya kutoa madaraja, ina alama 66 au 67 kati ya 70. Sawa, ni nzuri. Lakini jiulize kwa nini iko safi. Noti nyingi za miaka ya mwisho ya vita na ile iliyofuata ziko safi kwa kuwa zilichelewa: zilipofika, kifungu kizima hakikutosha kununulia kitu, wakakiacha kwenye kasha. Agosti 1948 fabi milioni tatu zilibadilishwa kwa yuan moja ya dhahabu, na hiyo nayo haikumaliza mwaka ikiwa na maana. Noti ya namna hiyo haikuingia mfukoni mwa mtu. Mimi nataka iliyokunjwa mara nne ili iingie kwenye kiatu, yenye duara la mafuta, yenye mhuri mdogo wa duka ambao mwenye duka aliugonga kujua kwamba imepitia kwake. Nazinunua kwa bei ya chini na muuzaji ananionea huruma.

Uchakavu nao unaghushiwa siku hizi. Kuna noti zinazochovywa chai na kukunjwa kwa ufundi. Kagua mikunjo: kwenye noti iliyotumika kweli wino umekwanguka juu ya mkunjo na uchafu umeingia ndani ya nyuzi za karatasi, kwenye ile ya chai rangi imekaa sawasawa kila mahali. Kinyume chake ni noti iliyofuliwa na kupigwa pasi ili ipande daraja. Hiyo inakuwa nyororo mno, wino ulioinuka umelala, na chini ya taa ya urujuanimno karatasi inaweza kung'aa kwa sababu ya sabuni. Zile za New York ni rahisi kuzithibitisha, kidole kinatosha. Za Beihai na wenzake ndizo hatari, maana za kweli zenyewe zilichapwa vibaya, na mghushi wa leo hahitaji ufundi mkubwa. Kwa hizo nanunua kwa mtu ninayemjua, au sinunui.

Kuna fungu moja ambalo siliiti mkusanyo, ingawa liko kwenye albamu ile ile: yen za kijeshi za Hong Kong. Wajapani walipoushika mji waliweka kiwango cha dola 2 za Hong Kong kwa yen 1, na Julai 1942 wakakigeuza kuwa dola 4. Juni 1943 dola ikapigwa marufuku kabisa. Watu walibadilisha akiba zao zote, wengine chini ya mtutu. Septemba 1945 zile yen zikatangazwa kuwa si kitu. Wenyewe hawakuzitupa. Walizifungia makabatini, wakaunda chama, wakadai Japani ilipe. Mwaka 1999 mahakama ya Tokyo iliyakataa madai yao. Linganisha na noti nyingine za mji huo huo: maofisa wa benki ya Hongkong and Shanghai walilazimishwa na Wajapani kusaini noti ambazo zilikuwa hazijatolewa, zenye thamani inayozidi dola milioni 100. Meneja mkuu wao, Vandeleur Grayburn, alifia gerezani 1943. Baada ya vita kulikuwa na mabishano, na mwaka 1946 benki ikakubali kuzilipa zote, kwa kuwa bila hivyo nani angeamini tena noti yake? Zote mbili zilitolewa kwa kulazimishwa. Moja ililipwa na moja haikulipwa. Kwa hiyo mzee wa Hong Kong akikuuzia yen ya kijeshi kwa bei ya kikombe cha chai, fahamu kwamba kwake huenda si kumbukumbu. Ni deni ambalo amechoka kulidai.

Nimalizie na ombi, hasa kwa wasomaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, kwenye bonde la Kabaw hadi kuvuka mto Chindwin, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kuamrishia. Vita vile vilihusu, pamoja na mengine, kuifungua tena njia ya nchi kavu ya kwenda China. Burma nako Wajapani walitoa rupia zao za kijeshi, zilizoandikwa jina la Serikali ya Japani kwa Kiingereza na alama inayoanza na herufi B. Askari wa kila jeshi lililopita huko walizichukua kama kumbukumbu. Nina za kununua, ila sina hata moja iliyorudi na askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Kama babu yako alikuwa Burma na sanduku lake bado lipo, lifungue, tazama kati ya kurasa za Biblia au Kurani, na ukipata kitu niandikie hata kama huuzi, nataka picha tu na jina la kikosi chake. Na tafadhali, kwa hali yoyote ile, usiipeleke kwa fundi wa stesheneri akakulaminishia.